Sura ya Sita: Mzigo Usiopungua Angani

Kata ya Likunja iko katika Wilaya ya Ruangwa, mkoani Lindi, na mwaka wake huendeshwa na ufuta na korosho. Magunia hupelekwa ghalani, mnada huendeshwa chini ya RUNALI, chama kikuu cha wakulima wa Ruangwa, Nachingwea na Liwale, na bei ya siku huwa gumzo vijiweni hata kwa wasiokuwa na gunia moja. Lakini ukanda huu una mali nyingine ambayo bei yake haijadiliwi mnadani. Ni kinywe, jiwe jeusi linaloteleza mkononi na kuacha alama kama ya penseli, kwa sababu moyo wa penseli umetengenezwa kwa kinywe hicho hicho. Wilaya ya Ruangwa ina mgodi wa Lindi Jumbo uliojengwa Matambarale kwa uwezo wa kuzalisha tani 40,000 kwa mwaka, ina mradi wa Nachu uliopangwa kuzalisha tani 240,000, na ina Chilalo. Ukiingia Wilaya ya Nachingwea, unakuta Ntaka Hill, na huko kuna nikeli.

Betri ya lithiamu ina pande mbili. Upande hasi, yaani anodi, kwa sehemu kubwa ni kinywe. Upande chanya, yaani kathodi, katika betri zinazotakiwa kubeba umeme mwingi kwa uzito mdogo, kwa sehemu kubwa ni nikeli. Lithiamu yenyewe, shaba na vingine hutoka kwingine, lakini malighafi kuu za pande zote mbili ziko ardhini katika wilaya mbili zinazopakana. Kati ya mashine zote zinazoisubiri betri ya namna hiyo, hakuna inayoidai kwa ukali kama ndege. Gari likibeba betri nzito litakwenda tu, ila litakula umeme zaidi. Ndege ikibeba betri nzito huenda isipae kabisa.

Usafiri wa anga hutoa takriban asilimia 2.5 ya hewa ukaa yote inayotokana na shughuli za binadamu. Ukijumlisha na athari nyingine, hasa yale mawingu membamba meupe yanayobaki nyuma ya ndege zinazoruka juu sana, mchango wake katika kuipasha dunia joto hukaribia asilimia 4. Wapo wanaoiona namba hiyo kuwa ndogo. Mimi siioni hivyo, kwa sababu sekta nyingine zinaanza kupata njia ya kuachana na mafuta ilhali ndege bado inahangaika, na sehemu yake katika hesabu ya jumla itakua. Oktoba 2022 nchi wanachama wa Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga, ICAO, zilikubaliana kulenga kufikisha utoaji halisi wa hewa ukaa wa safari za anga za kimataifa kuwa sifuri ifikapo 2050. Mkoa wa Lindi unaijua gharama ya kuchelewa. Mwanzoni mwa Mei 2024 kimbunga Hidaya kiliipiga pwani, mafuriko yakakata barabara kuu ya Dar es Salaam eneo la Somanga, na kwa siku kadhaa Lindi na Mtwara hazikuwa na njia ya kawaida ya kufika kaskazini kwa gari. Katika siku kama hizo ndege ndiyo inayobaki. Tunaihitaji, na moshi wake ni sehemu ya tatizo. Sura hii inahusu wanaojaribu kuutatua ugumu huo kwenye injini yenyewe.

Tuanze na kilo. Kilo moja ya mafuta ya ndege ina nishati ya takriban kilowati-saa 12. Kilo moja ya seli nzuri za lithiamu hubeba kama robo ya kilowati-saa moja, na ukishazifunga pamoja kwenye kasha lenye nyaya, kinga ya moto na mfumo wa kuzipoza, kilo ya betri kamili hushuka hadi kama moja ya tano. Kwa hesabu hiyo mafuta yanaizidi betri mara sitini. Mota ya umeme hulipa sehemu ya deni hilo, kwa sababu zaidi ya asilimia 90 ya umeme inaoupokea huugeuza kuwa nguvu ya kuzungusha, wakati injini ndogo ya tabopropu, yaani ya tabini inayozungusha pangaboi, hugeuza chini ya theluthi moja ya nishati ya mafuta yake, na kinachobaki hutoka kama joto. Hata hivyo pengo halizibiki.

Chukua mota ya megawati moja, inayoweza kusaidia ndege ya abiria 37 kupaa, na uiendeshe kwa dakika 20. Itatumia kilowati-saa 333. Betri ya kutoa umeme huo itakuwa na uzito wa kilo 1,700 hivi, sawa na abiria kumi na saba pamoja na mizigo yao. Kazi ile ile ingefanywa na mafuta yasiyofika kilo 100.

Kuna jambo la pili ambalo wengi hulisahau. Mafuta huungua na kutoka. Ndege inayoruka kwa saa tatu hutua ikiwa nyepesi kuliko ilivyopaa, na kadiri inavyokuwa nyepesi ndivyo inavyozidi kula kidogo. Betri iliyoisha umeme ina uzito ule ule wa betri iliyojaa. Unaibeba tangu mwanzo wa safari mpaka mwisho, na magurudumu, mbawa na breki lazima vijengwe kuuhimili uzito huo wakati wa kutua. Ndiyo maana ndege ya kwanza duniani ya umeme mtupu kupata cheti cha mamlaka ya usalama, Pipistrel Velis Electro ya Slovenia, iliyoidhinishwa Ulaya Juni 2020, ni ndege ya watu wawili ya kufundishia marubani, na hukaa angani chini ya saa moja.

Hapo ndipo linapoingia wazo la injini mseto.

Injini ya ndege huchaguliwa kwa kuangalia dakika chache ngumu kuliko zote. Ndege yenye injini mbili lazima iweze kuendelea kupanda hata injini moja ikizimika wakati inaondoka ardhini, kwa hiyo kila injini hutengenezwa kubwa ya kutosha kwa balaa hilo. Balaa halitokei, ndege inafika juu, inatulia, na injini kubwa inaendelea na kazi isiyohitaji nguvu zake zote. Ni sawa na mkulima wa Likunja anayenunua fuso kwa ajili ya siku ya kupeleka korosho ghalani, kisha analiendesha mwaka mzima kwenda sokoni kununua chumvi. Injini mseto huigawa kazi hiyo. Injini ya mafuta hupunguzwa na kupangwa ifanye vizuri kuliko kawaida katika mwendo wa kutulia, na mota ya umeme huongeza nguvu wakati wa kupaa na kupanda. Ndege ikishatulia, mota inaweza kupumzika, au ikageuka jenereta na kuijaza betri. Wakati wa kushuka, na wakati wa kutembea uwanjani kwenda kwenye maegesho, injini ya mafuta haina haja ya kuungua bure.

Injini ya mafuta na mota vinaweza kusukuma mhimili mmoja wa pangaboi kwa pamoja. Mpangilio huo ndio wenye matumaini zaidi kwa ndege za mikoani. Upo pia mpangilio ambao injini ya mafuta huzungusha jenereta tu, na mapangaboi yote husukumwa na mota. Huo humpa mbunifu uhuru wa kutawanya mota mbawani, lakini kila mara nishati inapobadilishwa sura, kidogo hupotea na mashine nyingine huongezwa kwenye mzigo.

Mfano mkubwa wa mpangilio wa kwanza unatoka Kanada. Pratt & Whitney Canada pamoja na De Havilland Canada walitangaza Julai 2021 kwamba watageuza ndege moja aina ya Dash 8-100, waweke upande mmoja injini ya mafuta ya megawati moja ikiwa imeunganishwa na mota ya Collins Aerospace ya megawati moja, na lengo likawa kupunguza mafuta kwa asilimia 30 ukilinganisha na ndege za daraja hilo zinazoruka leo. Ndege hiyo si ngeni kwetu. Ndugu yake mrefu zaidi, Dash 8-400, ndiyo Air Tanzania imekuwa ikiitumia kwenye viwanja vingi vya mikoani. Kutoka Dar es Salaam hadi Mtwara angani ni kama kilometa 400, safari ambayo sehemu kubwa yake ni kupanda na kushuka. Safari za namna hiyo ndizo zinazoifaa injini mseto.

Kuna faida nyingine ambayo wahandisi wa nchi za baridi huitaja kwa haraka na kupita, ingawa kwetu ina uzito mkubwa. Injini ya mafuta huvuta hewa. Hewa ya moto ni nyepesi, hewa ya nyanda za juu ni nyepesi, na injini inayovuta hewa nyepesi hupoteza nguvu. Rubani anayeondoka saa nane mchana kwenye kiwanja cha changarawe cha Serengeti, zaidi ya meta elfu moja na mia tano juu ya usawa wa bahari, wakati mwingine hulazimika kupunguza abiria au mizigo. Mota ya umeme haivuti hewa, kwa hiyo wembamba wa hewa hauipunguzii nguvu. Inachohitaji ni kupozwa vizuri.

Kwa Afrika Mashariki, hata hivyo, ndege ya kuitazama kwa makini ni ndogo kuliko Dash 8. Ni Cessna Caravan. Mtu aliyewahi kuruka kwenda Mafia au kwenye hifadhi na Coastal Aviation au Auric Air ameipanda. Ina injini moja, mbawa juu, huchukua abiria wasiozidi kumi na wanne, na hutua mahali ambapo ndege nyingine hazithubutu. Injini yake ya kawaida, PT6A, hula kama lita 200 kwa saa. Kila kilo ya mafuta hayo ikiungua huzalisha zaidi ya kilo tatu za hewa ukaa, kwa hiyo saa moja ya Caravan ni karibu nusu tani.

Novemba 2022, huko California, kampuni ya Ampaire iliirusha kwa mara ya kwanza Caravan iliyotolewa injini yake na kuwekewa mfumo mseto, na ikaiita Eco Caravan. Kampuni inasema mafuta yatapungua kwa asilimia 50 hadi 70. Namba hiyo isomwe kwa uangalifu. Ampaire haikuongeza mota tu. Iliitoa tabopropu na kuweka injini ya dizeli ya mitungi kumi na miwili kutoka kampuni ya RED, inayoweza kuchoma mafuta yale yale ya ndege. Injini ya dizeli hula kidogo kuliko tabopropu ndogo hata isiposaidiwa na umeme. Sehemu kubwa ya akiba hiyo basi ni ya dizeli, na kazi ya betri ni kuiruhusu dizeli ndogo iweze kupandisha ndege ambayo peke yake ingeilemea. Sioni kosa katika hilo. Ninachotaka ni kwamba mwenye shirika la ndege wa Dar es Salaam au Arusha, akiletewa karatasi ya mauzo, ajue anachouziwa, na aulize akiba itabaki kiasi gani betri ikishachakaa.

Lililo muhimu zaidi kwa viwanja vyetu ni kwamba ndege hiyo inaweza kuijaza betri yake ikiwa angani. Ndege ya umeme mtupu inahitaji chaja yenye nguvu kila inapotua, na ni vigumu kuiona chaja hiyo kwenye kiwanja cha Nachingwea au porini Ruaha kwa miaka mingi ijayo. Ndege mseto itahitaji chaja kubwa kwenye vituo vichache tu. Huko mijini umeme wenyewe unazidi kuwa safi, hasa baada ya bwawa la Julius Nyerere kwenye Mto Rufiji, lenye uwezo wa megawati 2,115, kuanza kulisha gridi. Betri ikijazwa usiku Dar es Salaam, dakika za kupaa za asubuhi zinatokana na maji ya Rufiji.

Njia hii imejaa miradi iliyokwama, na ni vizuri msomaji aijue. Airbus, Rolls-Royce na Siemens walitangaza Novemba 2017 mradi wa E-Fan X, wa kuondoa injini moja kati ya nne za ndege ya BAe 146 na kuweka mota ya megawati mbili. Aprili 2020 mradi ukafutwa kabla ndege haijaruka. Kampuni ya Heart Aerospace, iliyoanzishwa Sweden, ilianza na ndege ya umeme mtupu ya abiria 19, hesabu za uzito zikaikatalia, na mwaka 2022 ikageukia ndege mseto ya abiria 30.

Kisha kuna moto. Januari 2013 betri ya lithiamu ya Boeing 787 ya Japan Airlines iliungua ikiwa uwanjani Boston, na ndani ya siku chache ndege zote za aina hiyo duniani zikazuiwa kuruka. Julai mwaka huo huo 787 ya Ethiopian Airlines iliungua ikiwa imeegeshwa Heathrow, safari hii kutokana na betri ndogo ya lithiamu ya kifaa cha kutuma ishara ya dharura. Seli moja ikipata joto kupita kiasi huipasha jirani yake, jirani humpasha wa pili, na moto huo hauzimwi kirahisi kwa kuunyima hewa kwa sababu seli zenyewe hutoa vinavyoulisha. Betri zilizoungua mwaka ule zilikuwa ndogo sana ukizilinganisha na zaidi ya tani moja ya seli chini ya miguu ya abiria. Uzito wa kasha la kinga nilioutaja hapo juu unatokana na hofu hiyo, na ni hofu ya haki.

Kwa ndege kubwa za masafa marefu umeme utakuwa msaidizi mdogo. Karibu asilimia 80 ya hewa ukaa ya sekta hii hutoka kwenye safari zinazozidi kilometa 1,500, na hakuna betri inayojulikana leo itakayokuvusha kutoka Dar es Salaam hadi Muscat. GE na Safran, kupitia mpango wao wa RISE uliotangazwa 2021, wanabuni injini yenye mapanga yaliyo wazi inayolenga kula mafuta pungufu kwa asilimia 20, na ndani yake wameweka jenereta-mota za kusaidia injini inapoongeza au kupunguza nguvu. Safari ndefu zitategemea zaidi mafuta mbadala. Injini mseto mahali pake ni kwenye safari fupi, na kwetu safari fupi ndizo nyingi.

Turudi ardhini, kwa sababu mnyororo huu unaanzia huko. Betri huhitaji takriban kilo moja ya kinywe kwa kila kilowati-saa. Betri ya mfano wetu wa dakika 20 itabeba zaidi ya kilo 330 za jiwe hilo. Lakini kinywe kinachotoka kwenye mitambo ya kuchenjulia, kikiwa na usafi wa asilimia 95 hivi, hakiwezi kuingia kwenye betri. Husagwa, huviringishwa hadi kuwa chembe za mviringo, kisha husafishwa hadi asilimia 99.95, na sehemu kubwa ya mzigo hupotea njiani kama vumbi la bei ndogo. Kazi hiyo karibu yote duniani hufanyika China, ambayo tangu Desemba 2023 inadai kibali maalumu kabla ya kinywe chake kusafirishwa nje. Usafishaji wa kawaida hutumia asidi kali sana, na maji machafu yake yakiachwa huharibu mito. Mtu akitaka kiwanda hicho kijengwe Ruangwa, swali la maji ya Mto Mbwemkuru liulizwe siku ya kwanza.

Kuna ufafanuzi mwingine ambao hotuba nyingi huuruka. Kinywe cha Lindi kinasifiwa kwa ukubwa wa magamba yake, na jina lenyewe la Lindi Jumbo linatokana na sifa hiyo. Magamba makubwa huuzwa ghali, lakini wateja wake wakuu ni watengenezaji wa vizuia moto na karatasi za kupitisha joto. Anodi hutengenezwa kwa magamba madogo. Hata hivyo vizuia moto hivyo na karatasi hizo ndivyo vitu ambavyo kasha la betri la ndege linavihitaji, kwa hiyo kinywe cha Ruangwa kinaweza kuingia kwenye ndege kwa milango miwili. Serikali, kwa sheria ya madini kama ilivyorekebishwa 2017, ina hisa zisizopungua asilimia 16 katika migodi mikubwa bila kutoa mtaji. Mwenye hisa anastahili kujua bidhaa yake inaishia wapi na kwa daraja gani.

Nikeli ya Nachingwea ina historia chungu zaidi. Leseni hodhi ya Ntaka Hill, yaani ya kulishikilia eneo kabla ya kuchimba, ilifutwa pamoja na leseni zote za aina hiyo baada ya mabadiliko ya sheria, wawekezaji wakiongozwa na Indiana Resources wakaenda kwenye usuluhishi wa kimataifa, na Julai 2023 Tanzania ikaamriwa kulipa zaidi ya dola milioni 109. Mwaka 2024 pande hizo zilielewana kwa dola milioni 90. Fedha zimelipwa na nikeli bado iko ardhini.

Nachingwea ilishawahi kupangiwa makubwa na watu wenye haraka. Mradi wa karanga wa Waingereza ulioanzia Kongwa 1947 ulifika hapa na matrekta, ukajenga reli kutoka pwani, ukaleta na ndege. Januari 1951 serikali ya Uingereza iliuacha baada ya kuteketeza pauni milioni 36 hivi, na reli ikang'olewa mwanzoni mwa miaka ya 1960. Waliopanga walijua idadi ya ekari na tani kabla ya kuzijua mvua na udongo. Wanaopanga leo kuhusu kinywe na nikeli wana namba nzuri za udongo. Kinachohitaji kujulikana sasa ni mashine itakayovitumia: inahitaji daraja gani, usafi gani, kwa kiasi gani, na itaanza kuruka lini.

Mashine hiyo itahitaji mafundi pia. Mifumo ya injini mseto huendeshwa kwa mamia ya volti, na fundi aliyezoea kufungua tabopropu hawezi kuzigusa nyaya hizo bila mafunzo mapya. Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania italazimika kumpa leseni, na Chuo cha Taifa cha Usafirishaji, kinachofundisha mafundi wa ndege Dar es Salaam, ndicho kilicho karibu zaidi na kazi ya kumwandaa. Karakana ya mota na betri za volti kubwa ingeweza kuanza pale kabla Caravan ya kwanza ya mseto haijaletwa, na vijana wa chuo cha ufundi cha VETA mkoani Lindi wakapewa nafasi zao humo kwa maandishi, kwenye mikataba ile ile ya kuchimba Matambarale na Nachu.